Laptopu ikitupa mistari kwenye kioo, usikimbilie kuichoma

Wiki ya mwisho ya Shaabani, harusi zikiwa zimebanana kabla ya mfungo, dada mmoja mpiga picha alinijia hapa steshenari, Ngamiani, Tanga, na laptopu aliyoifunga ndani ya kanga. Akaiweka mezani, akaiwasha. Kioo kikajaa mistari ya zambarau na kijani iliyosimama wima, na nyuma yake bibi harusi akionekana kwa mbali kama yuko nyuma ya pazia. "Kaka, naomba uipige moto tu," akasema. "Fundi wa kwanza kaniambia GPU, ile chipu ya picha, imekufa, na nimesikia wewe una bloa ya kupuliza joto. Nina harusi tatu humu ndani, wenyewe wanapiga simu kutwa."

Nikamwambia, "Dada yangu, kaa kwanza. Harusi zako haziko kwenye hiyo chipu." Nikaigeuza, nikafungua kifuniko cha chini, nikachomoa diski na kuitia kwenye kava la USB, nikaichomeka kwenye kompyuta ya dukani. Kahawa yake haijapoa, harusi zote tatu zilikuwa zinanakiliwa. Ndipo tukarudi kwenye ugonjwa wenyewe. Nikarudisha diski, nikachomeka waya wa HDMI kwenye televisheni ya ukutani. Picha safi, hakuna hata mstari mmoja. Nikashika kifuniko cha laptopu kwa ncha za vidole, nikakirudisha nyuma taratibu: mistari ikaondoka, ikarudi, ikaondoka tena. Utepe wa kioo, yaani waya bapa unaopeleka picha kwenye kioo, ulikuwa umelika pale kwenye bawaba. Chipu ilikuwa nzima kabisa, na kama ningemsikiliza, ningeiua siku ile kwa mkono wangu.

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliye nyumbani na laptopu ya namna hiyo, bisibisi mkononi, na simu inamwonyesha video ya mtu anayeweka bodi ndani ya oveni. Nimezitengeneza mashine hizi miaka kadhaa sasa, nyingine zangu mwenyewe, na kuna mpangilio ninaoufuata bila kuruka hatua. Moto uko mwisho kabisa wa mpangilio huo, na mara nyingi sifiki huko.

Toa mali yako kwanza

Watu wengi huharakia moto kwa sababu wanahofia kazi zao. Chipu ya picha inachora tu kinachoonekana kwenye kioo. Picha, barua na hesabu zako ziko kwenye diski, na diski haijali kama kioo kinaonekana au hakionekani. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuitoa.

Laptopu za zamani zina diski bapa ya inchi 2.5, inayoingia kwenye kava la USB la kawaida. Za siku hizi zina kijiti chembamba cha M.2, na hapo uangalie kabla ya kununua kava, kwa sababu vijiti vya SATA na vya NVMe vinafanana kwa umbo, na kava la upande mmoja mara nyingi halisomi kijiti cha upande mwingine. Kuna kava linalosoma vyote viwili. Bei yake iko juu kidogo, lakini linakuondolea kubahatisha. Kama Windows ilikuwa imefunga diski kwa BitLocker, utaombwa namba ya tarakimu 48. Itafute kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine, na uitafute kabla hujagusa kitu kingine chochote. Baadhi ya laptopu nyembamba zina diski iliyochomelewa kwenye bodi, haitoki. Kwa hizo jaribu televisheni kwanza, na picha ikitokea huko, nakili kila kitu kwenye diski ya nje siku hiyohiyo.

Mali ikishatoka, utaona hata mikono yako inatulia.

Vipimo visivyohitaji bisibisi

Chomeka kioo cha nje. Televisheni inatosha, projekta ya shule inatosha. Kikiwa safi wakati kioo cha laptopu kinatupa mistari, tatizo liko kwenye kioo, kwenye utepe wake, au pale utepe unapochomekwa. Vyote viwili vikionyesha takataka zilezile, sasa una sababu ya kuishuku chipu.

Kioo kikiwa cheusi kabisa lakini feni inazunguka, zima taa ya chumba, chukua tochi ya simu na uimulike kwa pembeni. Ukiona kivuli cha maandishi, picha ipo, kilichokufa ni taa ya nyuma ya kioo. Hiyo haihusiani na chipu hata kidogo.

Piga picha ya skrini kwa kibodi, Windows pamoja na PrtSc, kisha itume kwenye simu yako. Takataka zikionekana hadi kwenye simu, zimeingia kwenye picha kabla haijaondoka kwenye kompyuta, yaani draiva (programu inayoiendesha chipu ya picha), kumbukumbu au chipu. Picha ikiwa safi kwenye simu, kipimo hiki hakijakupa jibu kamili, lakini kinakuelekeza kwenye utepe na kioo.

Washa mashine na uangalie mwanzo kabisa, nembo inapotokea, kabla Windows haijaanza. Ingia BIOS, ile programu ya mipangilio inayotangulia Windows, ukae humo dakika kumi. Mistari ikiwepo humo, usihangaike na draiva, kwa sababu draiva ya Windows haijapakiwa bado. Laptopu nyingi za Dell zina kipimo chao: shikilia herufi D huku ukibonyeza kitufe cha kuwasha, kioo kitapita rangi moja moja. Rangi zikiwa safi, kioo ni kizima.

Kipimo cha RAM, yaani kumbukumbu ya kompyuta, watu hukidharau, nami nakihesabu miongoni mwa vya kwanza. Laptopu ambayo haina chipu ya picha ya pekee inachora kwa kutumia RAM ileile ya kawaida. RAM ikiharibika, au meno yake yakishika ukungu wa kijani, kioo kinatupa vipande vya rangi ambavyo hata fundi mzoefu atasema ni GPU. Hapa Tanga upepo wa bahari unakula shaba. Nimefungua mashine za mwaka mmoja zenye meno ya RAM yaliyopauka. Toa betri, toa RAM, futa meno kwa kifutio cheupe cha shule taratibu, malizia kwa spiriti, rudisha moja moja, na ujaribu kila nafasi. Ni kazi ya robo saa, na nimeshawarudishia watu laptopu zao kwa kifutio tu.

Upande wa draiva nitapita haraka. Bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Draiva ya picha itaanza upya papo hapo. Ikisaidia, tatizo lina uwezekano wa kuwa la programu. Anzisha Windows katika hali salama: shikilia Shift unapochagua kuwasha upya, kisha fuata Troubleshoot hadi Startup Settings. Mashine ikitulia katika hali salama na kuchanganyikiwa katika hali ya kawaida, ondoa draiva kabisa kwa programu ya DDU (Display Driver Uninstaller) na uweke ile inayotolewa na mtengenezaji wa laptopu yako, hata kama ni ya zamani. Bora zaidi, washa kompyuta kwa flashi yenye Ubuntu, mfumo mwingine usio Windows. Ikiwa Ubuntu nayo inatupa takataka zilezile, Windows haina kosa.

Kabla hujafungua, kuna chumba cha pili

Laptopu nyingi zenye chipu ya picha ya pekee zina chipu mbili za picha. Moja ni ndogo, iko ndani ya prosesa. Nyingine ni ile kubwa inayochemka. Kubwa ikianza kufa, unaweza kuhamia kwa ndogo na ukaendelea kuandika, kufanya hesabu, hata kuhariri picha polepole. Kwenye Windows, fungua Device Manager, chini ya Display adapters utaona majina mawili. Lizime lile la NVIDIA au AMD, acha la Intel. Kama lile kubwa lina alama ya njano na ndani yake kuna maneno Code 43, Windows imeshakata tamaa nalo. BIOS nyingine zina sehemu ya kulizima kabisa. Ukiipata, itumie hiyo.

Mfano mkubwa wa jambo hili ni MacBook Pro za 2011, za inchi 15 na 17, zenye AMD Radeon. Zilikufa kwa wingi kiasi kwamba Apple, Februari 2015, ilifungua mpango wa kuzitengeneza bure, na mpango huo ulifungwa mwishoni mwa 2016. Bado mashine hizi zinaingia nchini kwa mitumba, na bado zinaletwa mezani kwangu zikiwa na kioo cheupe au mistari ya samawati. Ndani yake kuna chipu ndogo ya Intel HD 3000, na hiyo kwa kawaida ni nzima. Ili mashine ihamie kwa hiyo ndogo, unawasha ukiwa umeshikilia Command na S, na baada ya maandishi kutulia unaandika mstari huu bila kukosea hata herufi:

nvram fa4ce28d-b62f-4c99-9cc3-6815686e30f9:gpu-power-prefs=%01%00%00%00

Kwenye macOS mpya kidogo itabidi kwanza uzime ulinzi wa mfumo kwa csrutil disable ukiwa kwenye hali ya uokoaji, na mara nyingi uihamishe faili ya AMDRadeonX3000.kext kutoka kwenye folda ya Extensions ili mfumo usiiite tena. Mstari huo unafutika mtu akiweka upya PRAM, ile kumbukumbu ndogo ya mipangilio ya Mac, basi uandike kwenye karatasi na uibandike chini ya mashine. Jua pia unachopoteza: kioo cha nje hakitafanya kazi tena, kwa sababu tundu lake limeunganishwa na ile AMD. Mwalimu mmoja wa sekondari bado anatungia mitihani kwenye mashine niliyoifanyia hivyo. Haikuguswa na joto lolote.

Kufungua na kusafisha

Kama mistari inakuja mashine ikishapata joto, na ikipoa inatulia, hii ndiyo hatua yako, na ndiyo ninayotaka uifanye kwa utulivu kuliko zote.

Utahitaji bisibisi ndogo ya nyota, kadi ya benki iliyokwisha muda wake kwa kufungulia kava, brashi laini ya rangi, pesti ya kupoza, na spiriti ya isopropili ya asilimia 99, ile wanayouza kwenye maduka ya vifaa vya simu. Spiriti ya duka la dawa huwa na maji mengi. Chukua na trei ya mayai. Kila shimo la yai ni hatua moja: skrubu za kava shimo la kwanza, za feni la pili, za hitisinki (ile shaba inayobeba joto la chipu) la tatu. Skrubu za laptopu hutofautiana urefu kwa milimita moja au mbili, na ndefu ikiingia mahali pa fupi inatoboa bodi. Piga picha kwa simu kabla ya kila kitu unachokiondoa.

Chomoa chaja, chomoa betri kutoka kwenye bodi, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde 20 ili umeme uliobaki uishe. Gusa kitu cha chuma kilichoingia ardhini kabla hujagusa bodi.

Toa feni. Pale feni inapokutana na mapezi ya shaba ndipo ugonjwa mwingi hukaa. Ukiangalia kwa nje utaona vumbi kidogo tu kwenye feni, lakini ukiitoa utakuta nyuma yake ukuta wa kijivu umeziba mapezi yote, umeshikana kama kipande cha blanketi kuukuu. Ushike ukingoni kwa kibano uuvute, mara nyingi unatoka mzima. Niliwahi kutoa mmoja uliokuwa na nywele za paka, nyuzi za khanga mpya na majivu ya ubani, na mashine hiyo ilishuka kutoka nyuzi 97 hadi 74 kabla hata sijagusa pesti. Usiipeleke gereji kupulizwa kwa mashine ya upepo wa matairi. Upepo ule una maji na mafuta ndani, na unazungusha feni kwa kasi inayoua beringi zake. Ukitumia kipulizio kidogo, zuia feni kwa kidole.

Hitisinki ina skrubu zenye namba pembeni, 1 hadi 4 au zaidi. Legeza kuanzia namba ya mwisho kurudi ya kwanza, kila moja zungusha nusu tu, kisha pita tena. Usifungue moja hadi mwisho huku nyingine zimekaza, kwa sababu kipande cha silikoni kiko wazi juu ya chipu, hakina kifuniko, na kona yake inavunjika kama kona ya kigae. Hitisinki ikigoma kutoka, washa mashine kwanza ipate uvuguvugu dakika tano, izime, chomoa kila kitu, kisha izungushe kidogo kushoto na kulia. Usiivute juu kwa nguvu.

Pesti ya zamani utaikuta imekauka kama chokaa. Ilainishe kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi, futa hadi silikoni ing'ae na ujione uso. Weka pesti mpya kiasi cha punje ya mchele kwenye kila chipu, na kwa sababu silikoni ya laptopu haina kifuniko, itandaze kwa kona ya kadi hadi ifunike uso wote kwa utando mwembamba. Pesti nyingi haipozi zaidi. Kazi yake ni kujaza mianya midogo tu, shaba ndiyo inayobeba joto.

Zile pedi laini za kijivu au samawati zinazokaa juu ya kumbukumbu za picha, ziheshimu. Zina unene maalumu, nusu milimita, moja, moja na nusu, kulingana na nafasi iliyopo. Zikichanika nunua za unene uleule. Watu huzitupa wakaweka pesti mahali pake, na pesti haiwezi kujaza pengo la milimita nzima, basi kumbukumbu za picha zinaungua polepole na mistari inarudi baada ya wiki mbili. Na ukiweka pedi nene kupita kiasi, hitisinki inanyanyuka, chipu yenyewe inakosa mguso. Wengine huweka kipande cha shaba badala ya pedi. Kinafanya kazi, lakini kipimo kikikosewa kidogo unaibana chipu hadi inapasuka, na kikiteleza kinaunguza bodi kwa shoti. Mimi nabaki na pedi.

Kaza skrubu kwa namba, ya kwanza hadi ya mwisho, nusu nusu. Hakikisha waya wa feni umerudi. Hili nalisisitiza kwa sababu ni rahisi kulisahau kwa furaha ya kumaliza.

Kwa nini moto unaonekana kutibu

Sasa tuseme umefanya yote hayo, na mistari bado ipo, kwenye kioo cha nje, ndani ya BIOS, na kwenye Ubuntu. Chipu inakufa. Nataka uelewe inakufaje, ndipo utaelewa kwa nini sikushauri oveni.

Chipu ya picha ina tabaka. Juu kabisa ni kile kipande cha silikoni kinachong'aa. Kimekaa juu ya vinundu vidogo mno vya solda vinavyokishika na kibao chembamba chini yake, na gundi ngumu imejazwa katikati ya vinundu hivyo. Kibao hicho nacho kimekaa juu ya bodi kwa mipira mingine ya solda, mamia yake, mikubwa kidogo. Kila unapowasha mashine vyote vinatanuka, unapozima vinasinyaa, na silikoni haitanuki sawa na kibao. Mwaka baada ya mwaka vinundu vinachoka, vinapata ufa.

Tangu tarehe 1 Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulizuia risasi kwenye vifaa vya elektroniki, na viwanda vikahamia solda isiyo na risasi. Miaka miwili baadaye, Julai 2008, NVIDIA ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za laptopu zilizokuwa zikifa, na ikataja udhaifu wa silikoni na malighafi za kifungashio chake. Watu wengi walijumlisha habari hizi mbili wakahitimisha kwamba mipira ya chini ndiyo inayopasuka, na kwamba ukiiyeyusha tena imepona. Hapo ndipo mapishi ya oveni yalipopata nguvu: nyuzi 195 hadi 200, dakika nane.

Angalia namba hizo. Solda ya zamani yenye risasi inayeyuka kwenye nyuzi 183. Solda isiyo na risasi inayotumika kwenye bodi hizi inaanza kuyeyuka kwenye 217. Oveni ya nyuzi 200 haiyeyushi mpira hata mmoja. Na bado mashine inawaka, mtu anapiga kelele za furaha, anarekodi video. Kilichotokea ni kwamba joto limetanua ile gundi na vile vinundu vya juu, ndani ya chipu yenyewe, na ncha mbili zilizoachana kwenye ufa zikagusana tena. Ufa haujazibika. Ukiwasha na kuzima mara kadhaa unafunguka. Nimeona mashine za namna hii zikirudi baada ya siku tatu, baada ya wiki tano, na moja iliyovumilia hadi mwezi wake wa nne. Kila mara zilirudi mbaya zaidi.

Halafu kuna madhara ambayo video haionyeshi. Bodi iliyokaa Tanga imenyonya unyevu. Ukiipasha ghafla, unyevu unageuka mvuke ndani ya kibao, tabaka zinavimba na kuachana, na ukisikiliza utasikia mlio mdogo kama bisi. Soketi za plastiki zinapinda. Kapasita zinavimba. Moshi wa flaksi na plastiki unabaki kwenye kuta za oveni unayookea mkate wa watoto. Nakusihi, kama huna sababu nyingine ya kuniamini, niamini kwa hiyo ya oveni ya chakula.

Watu huniuliza, je, kama nataka iamke saa moja tu nitoe faili zangu? Rudi juu kwenye diski. Ndiyo maana niliiweka mwanzo.

Bloa nayo ina hadithi ileile, na hatari zaidi kwa sababu inachoma kutoka juu peke yake. Bodi inapata joto upande mmoja, inapinda katikati, na mipira mizima ya pembeni inaachia. Kurudishia mipira, kazi ambayo mafundi wengi wanaitangaza, nako hakugusi vinundu vya ndani. Chipu ileile yenye ufa inarudi mahali pake ikiwa na miguu mipya.

Dawa ni chipu mpya

Chipu ikiwa imekufa kweli, kinachoiponya mashine ni chipu nyingine, na kazi hiyo mimi siifanyi mezani kwangu. Inataka mashine ya BGA, ile ya kung'oa na kuchomelea chipu, inayopasha bodi nzima kutoka chini taratibu na kuongeza joto juu kwa ratiba, hadi nyuzi 235 au 245 kwa muda usiozidi dakika moja, kisha ishuke polepole. Natuma bodi kwa fundi mwenye mashine hiyo.

Kabla hujampa, muulize: unaweka chipu mpya au unairudishia mipira hii ya zamani? Akisema kurudishia, chukua bodi yako. Akisema mpya, omba kuiona kabla na baada. Kwenye uso wake kuna maandishi, na mara nyingi tarakimu nne zinazotaja mwaka na wiki iliyotengenezwa. 1032 maana yake wiki ya 32 ya 2010. Piga picha ya chipu yako ya zamani ulipofungua, ulinganishe. Angalia kingo za silikoni: chipu iliyong'olewa kwenye bodi nyingine huwa na mikwaruzo, mabaki ya gundi, au maandishi yaliyofifia kwa kusuguliwa. Muulize pia atakupa siku ngapi za dhamana. Anayeamini kazi yake hakupi wiki moja.

Na piga hesabu ya mashine nzima kwa ukweli. Kama gharama inakaribia nusu ya bei ya laptopu nyingine ya mtumba iliyo nzima, mimi humwambia mteja anunue hiyo nyingine, na ile ya zamani nimwondolee RAM, diski, kioo na kibodi azitunze. Kioo kizima cha laptopu iliyokufa kimeshaokoa laptopu nyingi hapa mtaani.

Kujaribu kabla ya kusema imepona

Iwe umesafisha, umebadilisha utepe, umezima chipu kubwa au umeweka mpya, kipimo cha mwisho ni kilekile. Weka programu ya kusoma joto, HWMonitor inatosha. Cheza video ya saa mbili huku ukihariri picha kubwa. Ikipita nyuzi 95 na kukaa huko, fungua tena, hitisinki haijakaa vizuri. Ikitulia kwenye sabini na kitu, izime, funga kifuniko, iache usiku kucha bila chaja.

Ufa huonekana zaidi mashine ikiwa ya baridi kuliko ikiwa ya moto. Kwa hiyo mimi huiwasha alfajiri, nikishatoka msikitini, kabla sijainua shata la mbele. Naangalia nembo inavyotokea, naingia BIOS, natoka, naizima, naisubiri ipoe, naiwasha tena. Nafanya hivyo asubuhi tatu mfululizo, na asubuhi ya tatu ndiyo ninayompigia mwenyewe simu aje kuichukua.